Mashavu ya Farajala

Katika mji wa Kisii, miaka ile barabara ya kwenda Keroka ilipokuwa udongo mtupu, na kila lori likipita wenye maduka wanakimbilia kufunika unga, aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Batuli binti Yakub. Watu walimtazama uso kwanza, jina wakaliuliza baadaye. Kila shavu lake lilikuwa na mistari mitatu iliyosimama wima, iliyochanjwa kwa wembe alipokuwa mtoto, na vidonda vilipopona vikaacha makovu membamba yenye kung'aa. Hiyo ilikuwa alama ya Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani, wakahamishwa na serikali kutoka kambi hadi kambi, Uganda, Kibos karibu na Kisumu, mpaka wengine wakaachwa Kisii kwenye kiwanja ambacho si chao wala si cha Wagusii, bali cha serikali yenyewe. Waliambiwa wajenge, lakini wasijenge kwa mawe.

Batuli alizaliwa hapo, katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mama yake alikuwa Bonareri, binti wa kijiji cha Gesima, aliyeshuka mjini siku moja kuuza wimbi akiwa msichana, asirudi. Aliposilimu alipewa jina la Mariamu, ila jina lile halikumkaa. Hata mumewe mwenyewe alimwita Bonareri. Kwa hiyo Batuli alikua na lugha tatu mdomoni: Kinubi cha baba, Ekegusii cha mama, na Kiswahili cha sokoni na shuleni.

Shuleni alifika darasa la nne. Alijifunza kusoma, kuandika na kushona, na alijifunza pia kuketi dawati la mwisho kabisa, ili anayetaka kumcheka apate taabu ya kugeuza shingo.

"Batuli, usiku ulilala na paka?" wavulana walimwuliza.

"Na paka mwenyewe kasoma hesabu! Tatu huku, tatu huku!"

Alicheka nao, maana kununa kungewapa raha zaidi. Lakini akifika nyumbani alikwenda mbele ya kioo cha baba yake cha kunyolea ndevu, akayavuta mashavu kwa viganja mpaka mistari ikapotea, akajitazama alivyo bila hiyo. Aliona msichana mwingine anayefanana naye kidogo. Hakujua kama anamtaka msichana yule au hamtaki.

Akaolewa na Jaffer, dereva wa lori la Mhindi mmoja. Jaffer alikuwa Mnubi wa Kibos, mpole, mchapakazi, asiye na baba wala mama, na kwa kuwa hakuwa na kwao pa kumpeleka mke, alihamia yeye kwa mkwe wake. Mwaka wa 1955 ulipoanza walipata mtoto wa kiume wakamwita Farajala. Mtoto yule alikuwa na mashavu yaliyojaa, yenye kutikisika akicheka, na kila aliyempakata alianza kwa kuyabana. Batuli akimnyonyesha alipenda kuweka kidole kwenye shavu lile linalovuta maziwa, asikie linavyopanda na kushuka. Lilikuwa laini kama samli.

Sasa, mzee Yakub. Alikuwa amepigana vita vya Mjerumani kule Tanganyika, na medali yake ilining'inia ukutani juu ya kitanda. Sudan hajapata kuiona hata siku moja. Alizaliwa Bombo, Uganda, kambini. Lakini aliizungumza Sudan kama mtu aliyesahau kofia yake huko juzi tu na atairudia.

Siku za mwanzo za mwaka 1956, Batuli alikuwa amepeleka maandazi kwenye hoteli ya Abdikarim, Msomali aliyeuza chai na nyama karibu na soko. Abdikarim alikuwa na redio iliyotumia betri ya gari, na wanaume walikuja kunywa chai ya bei ghali kidogo kwa sababu ya redio ile. Kairo ilikuwa inasema kwa Kiswahili. Ikasema kwamba Khartoum bendera mbili zimeshushwa, ya Mwingereza na ya Mmisri, na moja imepandishwa, ya Wasudani wenyewe.

Yakub alisimama. Watu wakadhani anataka kutoka, kumbe amesimama tu kama askari gwaride likipita.

"Keti, mzee, usije ukamwaga chai," Abdikarim alimwambia. "Mambo bado. Hawa wataungana na Misri. Mto wao ni mmoja, dini yao moja."

"Haiwezekani!" Yakub akasema. "Sudan ni ya Wasudani. Tumfukuze Mwingereza mlangoni, halafu tumwingize Mmisri dirishani?"

"Umemfukuza wewe? Na medali yake umeitundika kitandani, unaamka nayo!"

Watu wakacheka. Abdikarim akapata moto. "Ngoja na sisi Wasomali. Mwitaliano anaondoka Mogadishu, siku zake zinahesabika. Nchi yetu itaanzia kule ifike mpaka Isiolo."

"Ifike na hapa Kisii basi, bei ya nyama ishuke," alisema mtu mmoja kwenye meza ya dirishani. Huyu alikuwa Cleophas, karani katika ofisi ya DC, Mkristo, mtu wa tai na kalamu mfukoni, asiye mbaya kwa roho ila mdomo wake haukujua kupumzika. Akamgeukia Yakub. "Lakini mzee wangu, hongera sana. Sasa na nyinyi mna serikali yenu. Mtahama lini?"

"Kuhama?"

"Nauliza tu. Kile kiwanja chenu ni kizuri, kiko karibu na maji. Mkienda kwenu, sisi wenye mji tutajua la kufanya nacho."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kidogo, na baadhi ya watu walikitia ndani ya vikombe. Yakub alitazama chai yake. Batuli, kikapu cha maandazi mkononi, aliona kidole gumba cha baba yake kikizunguka ukingo wa kikombe, kikizunguka, hakikomi.

Tangu siku ile mzee hakutulia. Alikwenda msikitini akarudi kabla ya wenzake. Alipaka viatu rangi, akavivua, akavipaka tena. Alipima chumba kwa hatua kama mtu anayetaka kukiuza, akatoka nje, akasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyepotea njia. Batuli alimfuata kwa macho huku akipepeta wimbi. Alimjua baba yake: neno likimchoma halimtoki kwa kulia wala kwa kugombana, humtoka kwa kufanya kitu. Naye aliogopa hicho kitu kitakuwa nini.

Kilitoka jioni, wakiwa wanakula kisra, ule mkate mwembamba wa wimbi wanaouoka Wanubi, na mchuzi wa bamia.

"Tutakwenda Sudan," Yakub akasema. "Sote. Lakini Farajala hawezi kwenda hivi alivyo."

"Hivi alivyo vipi, baba?" Batuli aliuliza.

"Uso mtupu. Kazaliwa kwa Wagusii, bibi yake ni Mgusii, hajasema baba tayari anaita maziwa kwa Kigusii. Tukifika kule atajulikanaje kwamba ni wetu? Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu atakuja mchanjaji kutoka Kibos. Nimekwisha kumwita."

Bonareri aliacha kutafuna. Jaffer alitazama mchuzi. Farajala alikuwa kwenye mkeka, amejipaka bamia mpaka masikioni, na Batuli aliona mikono yake mwenyewe ikimnyakua mtoto na kumweka kifuani kabla hajaiamuru.

Wanubi wengi wa hapo walikuwa wameacha kuchanja. Watoto wa majirani walicheza nje na nyuso laini na hakuna aliyewasema. Jambo hili lilikuwa la baba yake peke yake, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu zaidi, maana Yakub hakuwa akifuata watu.

Chumbani alimwuliza mumewe, "Jaffer, wewe unasemaje?"

"Mimi niseme nini? Nyumba hii ya nani?"

"Na mtoto huyu wa nani?"

Jaffer alijikuna shingo. "Mimi nilichanjwa. Wewe ulichanjwa. Tulikufa?"

"Sikuulizi kama tulikufa."

Jaffer alivua shati akalala akiutazama ukuta, naye Batuli aliketi akimbembeleza mtoto ambaye tayari alikuwa amelala.

Wiki hiyo Jaffer alirudi kutoka Kisumu na mgeni garini. Alimkuta kwenye kituo cha lori, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kisanduku cha randa na misumeno, anayetafuta kazi ya useremala. Kilichomfanya Jaffer ampakie ni lugha yake. Mtu yule alikuwa akiongea peke yake, akimlaani mchukuzi aliyemkanyaga, na alilaani kwa maneno ambayo Jaffer aliyazoea tangu utotoni.

"Baba," Jaffer aliita mlangoni, "nimekuletea mtu wa Sudan!"

Yakub alitoka bila viatu. "Ita kwes?" akasema kwa Kinubi, hujambo.

"Ana kwes," mgeni akajibu, sijambo, kwa lugha ile ile, imepinda kidogo tu, kama wimbo mmoja unaoimbwa kijiji cha pili. Mzee akamshika mkono asiuachie. Kuku akachinjwa. Mgeni akaketishwa kwenye kiti chenye mgongo, na hata watoto wa jirani wakaja kumwona mtu anayetoka huko ambako kila siku wanasikia pakitajwa.

Jina lake lilikuwa Manasseh.

"Manasseh?" Yakub alisita. "Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni wa kusini. Nilikuwa seremala wa kambi ya jeshi kule Torit."

"Haidhuru, haidhuru. Haya, tuambie. Siku bendera ilipopandishwa mlifanyaje?"

Manasseh aliosha mikono taratibu. "Bendera ilipandishwa Khartoum. Mimi siku hiyo nilikuwa Uganda, nalala kwenye ghala la pamba."

Kisha akaeleza, si kwa kutaka, bali kwa kuwa mzee aliuliza na kuuliza. Mwezi wa Agosti uliopita askari wa kusini waliambiwa watahamishiwa kaskazini. Wakaogopa hawatarudi. Wakaasi. Na siku ile, watu wa kusini waliwatafuta watu wa kaskazini kila mahali, afisa, mwalimu, mwenye duka.

"Hawakuuliza jina," Manasseh akasema. "Waliangalia mashavu. Watu wengi wa kaskazini wanachanja, mistari mitatu, kama hii yenu. Palikuwa na mwenye duka mmoja. Baba yake wa kaskazini, lakini yeye kazaliwa pale pale, mama yake wa kwetu, anasema lugha yetu kunishinda. Akaniita. 'Manasseh, waambie mimi ni nani.'"

"Ukawaambia?" Batuli aliuliza. Hakukusudia kuuliza, wanaume walikuwa wakizungumza.

"Niliwaambia." Aliitazama sahani. "Hawakuwa wakinisikiliza mimi. Walikuwa wakitazama mashavu yake."

Nje jogoo wa jirani aliwika ovyo. Manasseh akagusa kipaji cha uso wake, pale palipokuwa na vipele vidogo vya kuchanjwa vilivyopangwa mstari. "Halafu likaja jeshi la kaskazini, nalo likatazama vipaji vya nyuso. Nikakimbia. Nisamehe, dada," akamwambia Batuli, bado hamtazami. "Tangu niingie humu nashindwa kukuangalia. Si kwa ubaya."

Yakub alisukuma sahani yake kando. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa ya kambini. "Wewe ni muasi."

"Mzee, sikushika bunduki."

"Umetoka kwenye kambi iliyomwasi afisa wake! Na unakuja kwangu, unakula kuku wangu, unanifananisha na nani? Mistari hii si ya Waarabu. Ni ya jeshi letu! Babu zenu na babu zetu walichanja ili askari wa Kinubi ajulikane hata kwa kuguswa gizani."

"Najua, mzee. Sasa najua, kwa sababu nimekula kwako," Manasseh akasema kwa upole. "Lakini kule hawatakula kwako kwanza."

Mzee akamwonyesha mlango. Jaffer alimsindikiza na kisanduku chake, na kesho yake akamshusha Keroka alikosikia kuna mtu anajenga maduka. Yakub hakulitaja tena jina lile. Ila kila aliyepita nje alimsikia akisema, na hakuna aliyekuwa amemwuliza, kwamba Ijumaa iko pale pale.

Batuli hakuweza kula. Akiwa kisimani alisikia mtoto akilia na akakimbia nusu ya njia kabla hajakumbuka kwamba mtoto yuko mgongoni mwake, na aliyelia ni wa mtu mwingine. Akaenda kwa mama yake. Bonareri alikuwa nyuma ya jiko, anasaga wimbi juu ya jiwe, na wakiwa wawili walisema Ekegusii.

"Mama, siku ile mbona ulinishika?"

Desturi ilitaka hivyo. Mtoto anayechanjwa alishikwa na mwanamke wa nyumba ile, aliyemzaa au aliyemzaa mamaye. Mikono ya mwanamume haikutakiwa. Ilisemekana damu haitakoma. Bonareri aliendelea kusaga, jiwe likaenda likarudi.

"Nilikuwa nimekaa hapa miaka mitano," akasema, "na wanawake wa Kinubi bado wananiita yule wa wimbi. Chungu changu hawali. Ulipozaliwa walikuja wakakugeuza huku na huku, wakasema, huyu ni wa Gesima mtupu. Baba yako alipotaja wembe, ni mimi niliyesema, uletwe. Nikakushika kwa nguvu zangu zote. Tangu siku hiyo walikula kwangu."

"Kumbe ulifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu na yako, omwana one, mwanangu. Wakati ule sikujua kuvitenganisha." Jiwe likasimama. "Hukulia ukiita mama. Uliniita Bonareri. Kama unamwita mtu wa nje."

Batuli alitaka kukasirika lakini hasira haikufika; alijisogeza tu, akaanza kumkusanyia mama yake unga uliomwagika kandoni.

Ijumaa ikafika. Mchanjaji wa Kibos alikuwa mzee mfupi, msafi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na mfuko wa ngozi. Baada ya swala alikuja na Yakub, akatandikiwa mkeka uani, akapanga vitu vyake: wembe, majivu, kitambaa cheupe. Akasema bismillahi. "Haya, mama mtoto. Mlete."

Batuli alimleta Farajala. Alimweka juu ya mkeka, akaketi kando yake, akaingiza viganja vyake vyote viwili chini ya mapaja akavikalia.

"Mshike, mama," mchanjaji akasema.

"Simshiki."

Yakub akainama kama hakusikia. "Umesemaje?"

"Simshiki, baba. Nikipigwa nitapigwa. Nikifukuzwa nitatoka. Lakini mikono yangu haitamshika."

Hapo Farajala, aliyekuwa ameachwa huru, alipiga magoti akatambaa moja kwa moja kwenye mfuko wa ngozi na kuanza kuitafuna kamba yake. Mchanjaji akaunyakua wembe juu haraka. "Mwondoeni, jamani, atajichanja mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mtoto.

"Bonareri!" Yakub akaita. "Njoo umshike mjukuu wako."

Bonareri alitokea mlangoni, mikono imejaa unga. "Sina mikono. Unaona unga huu?"

"Nawa!"

Alimtazama mumewe, naye Batuli hajapata kumwona mama yake akimtazama baba yake hivyo, bila kuinamisha macho. "Yakub, mimi nilishashika mara moja," akasema, akarudi jikoni. Jiwe likasikika tena.

Mzee akamgeukia Jaffer. Jaffer, aliyekuwa ameegemea ukuta, alinyanyua viganja vyake kama mtu anayeonyesha havina kitu. "Mimi ni mwanamume, baba. Desturi ni yako." Na Batuli aliona, akalihifadhi moyoni, kwamba mume wake alipolisema hilo alishusha pumzi.

Mchanjaji alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa. Alikuwa mtu wa taratibu, hakutaka maneno ya nyumba za watu. "Nimekuja kwa lori, nitarudi kwa lori. Nitafutieni mikono. Mfungo ukiisha nitapita tena."

Yakub hakumpiga binti yake, wala hakumfukuza. Alifanya kilichokuwa kibaya zaidi: alinyamaza. Chai aliyoiweka Batuli mbele yake ilipoa ikachukuliwa. Kisha asubuhi moja alivaa koti la jeshi, akatoa medali ukutani akaipachika kifuani, akamwambia Bonareri, "Nakwenda kuona mwenyewe. Nikirudi tutasema." Akapanda gari la Kisumu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Farajala alijifunza kusimama akishika mlango. Batuli alifua, alikaanga maandazi, alitembea kwenda sokoni na kurudi, na kila mahali moyo ulikuwa unatangulia mbele yake kutazama barabarani. Kuna saa alijiona ameshinda. Kuna saa alijiuliza kama hakumnyang'anya mtoto wake kitu ambacho atakitafuta akiwa mkubwa asikipate: mahali pa kuwekwa, watu wa kumwita wetu. Hapa wenye mji wanauliza watahama lini. Kule wangemwita nani? Alimwogesha akiyasugua mashavu yale laini, na ulaini wenyewe ukamtia wasiwasi, kama ukuta mpya ambao bado hakuna aliyeandika kitu juu yake. Na baba yake je, mtu wa miaka ile, amevaa medali ya Mwingereza, anatembea na uso ule mpaka mpakani?

Mfungo ulipoanza alikuwa hajarudi. Alirudi ukiwa umefika katikati, amekonda, koti limepauka, medali haionekani. Na alikuwa amefuga ndevu. Yakub, ambaye maisha yake yote alinyoa kila alfajiri kama anayekaguliwa, alikuwa na ndevu nyingi za mvi zilizopanda mpaka karibu na macho, mashavu yote yamefunikwa.

"Wembe ulinipotea njiani," alimwambia Bonareri, na hakuna aliyemwuliza zaidi. Kioo chake kilibaki palepale msumarini.

Jioni, watu wakishafuturu, hotelini kwa Abdikarim alisimulia vizuri sana. Alifika Nimule, mpakani mwa Sudan, akapigiwa saluti. Maafisa walimwita baba. Walimwambia karibu wakati wowote.

"Basi mtahama lini?" Cleophas akauliza.

"Kuna vumbi sana," Yakub akajibu. "Bonareri ana kifua."

Nyumbani hakusimulia. Alikula daku, akaswali, akaketi uani akimtazama mjukuu wake anavyopanda juu ya kila kitu. Mara moja tu, Batuli alipokuwa akimmiminia maji ya kutawadha, aliuliza huku akitazama birika, "Yule seremala alikwenda wapi?"

"Yuko Keroka, baba. Jaffer anasema anatengeneza milango."

"Aa." Akanawa uso taratibu, ndani ya ndevu. "Kazi nzuri, milango."

Lakini kuhusu wembe hakusema lolote, la ndiyo wala la hapana, na Batuli hakuthubutu kuuliza. Idi ikaja ikapita. Walivaa nguo mpya, wakala pilau, na yeye kila lori lililoshusha abiria alilichungulia. Alikuwa ameshaamua kwamba safari hii akiona ile kanzu iliyopigwa pasi atatoka kwa mlango wa nyuma na mtoto, apande Gesima kwa wajomba wa mama yake, liwalo na liwe. Alikuwa hata amefunga kitambaa chenye nguo za mtoto akakisukuma chini ya kitanda.

Ila mchanjaji aliyekuwa akiviziwa hakuja na lori. Alikuja kwa miguu, asubuhi, akipitia kwa jirani, na Batuli aliisikia tu sauti yake ikiwa tayari mlangoni.

"Hodi hapa! Mzee Yakub, mikono imepatikana?"

Batuli alikuwa chumbani na Farajala. Akavuta kitambaa cha nguo kwa mguu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Alimsikia baba yake akikohoa, kiti kikilia, nyayo zikielekea mlangoni.

"Usiingie," Yakub akasema.

"Kuna nini?"

"Mtoto ana surua."

Batuli aliganda, mtoto kwapani. Farajala, ambaye maisha yake hajapata kuwa mzima kuliko asubuhi ile, alikuwa ameshika sikio la mama yake analivuta.

"Surua!" mchanjaji akarudi nyuma. "Tangu lini?"

"Imempata jana. Imejaa uso mzima. Huwezi kuweka hata kidole."

"Masikini. Basi nitangoja."

"Usingoje. Surua hii ya huku Kisii ni mbaya, inakaa. Nenda zako salama. Nisalimie wa Kibos."

Waliagana kwa maneno mengi, kama wazee wanavyoagana. Batuli alimlaza mtoto kitandani akamfunika blanketi mpaka kidevuni, na mtoto akalipiga teke, na akamfunika tena, na akalipiga tena, wote wawili wakishindana kimya kimya, naye machozi yakimtoka bila yeye kujua kama ni kicheko.

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. Yakub hakuingia. Alisimama pale, mkono mmoja ndani ya ndevu, akikuna shavu kama mtu anayewashwa, na macho yake yalikuwa kwa mtoto, si kwa binti yake.

"Mfunike vizuri," akasema. "Hajafika mbali. Anaweza kupita tena hapa akienda kituoni."

Akarudi kwenye kiti chake nje, akakiburuta mpaka katikati ya mlango, akaketi.